Redio na Ndege wa Kipupwe

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, kazini, hata nyumbani kwake, watu walimwita Redio, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Kwa miaka mingi yeye ndiye alikuwa sauti ya kituo kikuu cha mabasi. Alikaa kwenye kibanda cha vioo juu ya ngazi, kipaza sauti mbele yake, kikombe cha chai ubavuni, akiwatangazia abiria basi gani liko mlango gani, nani kasahau mzigo, na mtoto wa nani analia dirishani pa tiketi. Akishuka kazini hakuzimika. Alizungumza na makondakta, na muuza magazeti, na jirani wa juu, na jirani wa chini, na akikosa mtu kabisa alizungumza na sufuria. Marehemu mumewe alipenda kusema kwamba siku ya harusi alipewa mke na taarifa ya habari kwa mpigo mmoja.

Sauti ilipoanza kukwaruza, watu wa kituo walidhani spika zimeharibika. Fundi umeme aliitwa, akapanda, akafungua moja baada ya nyingine, akashuka na vumbi kichwani akisema mitambo ni mizima, tatizo liko huko juu kibandani. Ndipo Redio akaenda kwa daktari wa koo, naye akamwonyesha kwenye kioo cha mashine vinundu viwili vilivyoota kwenye nyuzi za sauti kama punje za mtama.

"Tutavitoa," daktari alisema. "Hilo ni jepesi. Kazi iko kwako. Baada ya hapo hutasema neno mpaka nikuruhusu. Hakuna kuita, hakuna kuimba, wala kunong'ona, maana kunong'ona kunachokoza kidonda kuliko hata kusema. Ukinidharau, sauti hiyo uiage."

Redio akafungua mdomo amuulize maswali kadhaa. Daktari akainua kidole. Akaufunga.

Basi akafanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani kwa mwanawe alikokuwa akiishi, na ile nyumba ikawa kama imehamwa. Mwanawe, dereva wa lori la kusambaza mikate, alisema siku ya kwanza usingizi ulimkataa kwa sababu ya kimya. Aliyefurahi ni mjukuu peke yake. Alikuwa binti wa miaka mitano, mjanja kama paka wa jikoni. Alikuja na kopo la biskuti kifuani, akasimama mbele ya bibi yake.

"Bibi, naomba nile zote. Kama hutaki, sema."

Redio akatoa macho.

"Hujasema," mtoto akahitimisha, akaenda zake.

Hilo alilistahimili. Yaliyomshinda ni ya wageni. Jirani wa juu alikuja kumpa pole, akaanza kusimulia ugomvi wa ngazini, tena akiusimulia kombo, mwanzo akauweka mwisho, na Redio aliyeuona ugomvi ule kwa macho yake akajikuta anasema, "Si hivyo!" Maneno mawili tu, yaliyotoka kama mlango wenye kutu. Mkwewe, mke wa mwanawe, akatoka jikoni mbio.

Mkwe huyu alifanya kazi kwenye duka la miwani, na alikuwa mtu wa kupima mambo kabla ya kuyasema. Hakugomba. Jioni ile alipanda juu ya kiti, akateremsha kutoka kabatini mkoba mweusi, akautoa vumbi, akauweka mapajani mwa mama mkwe wake.

"Mama, humu ndani hutapona," alisema. "Kila anayeingia ni kishawishi. Hii ni kamera yangu, ile niliyonunua nikidhani nitapiga picha za harusi, nikashindwa na kelele za watu. Panda basi hadi mwisho wa njia, teremka ufukweni. Baridi hii hakuna binadamu kule. Wako ndege tu. Wapige picha, urudi. Utembee, upate hewa, na mdomo wako upumzike."

Redio akamtazama kana kwamba ametumwa mwezini. Lakini alijua fika kwamba mkwewe anasema kweli.

Ufukwe ule wakati wa joto ulikuwa umejaa miamvuli na vitoto vitupu. Katika kipupwe ulikuwa kitu kingine. Mchanga ulikuwa mgumu na wa rangi ya jivu, vibanda vya kuuzia vinywaji vimepigiwa mbao, na upepo ulivuma kutoka baharini ukimtafuta mtu kwenye kila kifungo. Redio alivaa sweta mbili, koti la marehemu mumewe na skafu nyekundu iliyozungushwa shingoni mara nyingi kwa ajili ya koo. Alitembea kutoka kituo cha mwisho cha basi hadi kwenye majabali ya rasi, akapiga kila kilichoruka. Nyumbani wakafungua picha wakazikuta: mbingu tupu, mbingu tupu, mkia, nusu ya bawa, kiatu chake mwenyewe. Mwanawe alicheka hadi akashika meza. Redio akakasirika, na kwa kuwa hakuweza kumjibu, kesho yake akarudi ufukweni kwa ubishi.

Ni siku hiyo alipomkuta mtu mwingine. Mwanamume wa makamo ya kustaafu, kofia ya sufu ya buluu imevutwa hadi kwenye nyusi, alikuwa ameketi kati ya majabali mawili, mbele yake kamera yenye lenzi ndefu kama bomba la moshi. Hakugeuka. Alisema tu, polepole:

"Dada, ukikohoa wataruka wote."

Redio akatazama anakotazama mwenzake. Pale alipodhani ni kokoto, kokoto zikahama. Lilikuwa kundi la vitwitwi, ndege wadogo wa pwani wenye migongo ya kijivu na matumbo meupe, wakikimbilia wimbi likirudi na kulikimbia likija, miguu haionekani kwa mwendo. Akachuchumaa. Akabana pumzi. Mwanamume akasubiri maswali ambayo kila mpita njia humuuliza: hawa ni ndege gani, kamera hiyo bei gani, huoni baridi. Hakuulizwa chochote. Baada ya muda mrefu akageuza shingo, akamkagua mgeni wake, akasogea kidogo kwenye jabali ili naye apate mahali pa kuegemea.

Redio akatoa simu amwandikie kwamba yeye si bubu, ni amri ya daktari. Yule bwana akapunga mkono.

"Usijisumbue. Hapa hatudaiani maelezo. Mimi huja huku nikikimbia watu wa maneno mengi."

Redio akairudisha simu mfukoni. Alitamani kucheka, ila kicheko nacho kilikatazwa. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumdhania kuwa mtu mkimya. Aliona raha ya ajabu, kama aliyeazima gauni la watu likamkaa sawasawa.

Tangu hapo wakawa wanakutana. Hawakuahidiana, kila mmoja alikuja kwa hesabu zake na kumkuta mwenzake. Yule bwana alikuwa fundi wa lifti aliyestaafu. Alimfundisha kwa maneno machache: kaa upepo uwe usoni, usivae kinachong'aa, usimfukuze ndege, keti yeye akujie. Alimfundisha kulenga jicho la ndege kwanza, kwa sababu picha ambayo jicho limefifia ni ya kutupa. Alimtajia majina. Yule mweusi anayekausha mabawa juu ya nguzo ni mnandi. Wale wanaogombania kichwa cha samaki ni shakwe, na hao usiwaonee huruma. Yule mrefu mwenye mdomo uliopinda kwenda chini ni sululu.

"Si umeona mdomo wenyewe? Kama sululu ya kuchimbia," alisema, na hilo likawa ndilo pekee lililokaribia mzaha kutoka kwake kwa wiki nzima.

Redio alijifunza. Mikono yake iliyozoea kuruka ruka akizungumza ilitulia kwenye kamera. Jambo la kumshangaza zaidi lilikuwa masikio. Alisikia mchanga ukinywa maji baada ya wimbi kurudi. Alisikia sauti ya sululu, ndefu, yenye kupanda mwishoni kama mtu anayeuliza kitu kwa adabu. Siku aliyopata picha ya kwanza ya maana, kitwitwi mmoja amesimama kwa mguu mmoja, tone la maji kwenye ncha ya mdomo, mkwewe alikwenda nayo dukani akaibandika karibu na mashine ya kupimia macho.

Na kadiri Redio alivyonyamaza, ndivyo fundi lifti alivyoanza kufunguka. Alianza na habari za kazi: vishimo vya lifti, giza, grisi, kengele ya watu waliokwama wakipiga kelele kana kwamba yeye ndiye amewafungia. Kisha siku moja, jicho likiwa kwenye kamera, akasema:

"Mke wangu anaishi kwa dada yake sasa."

Redio akageuza macho bila kugeuza kichwa.

"Hatukugombana. Ingekuwa heri tungegombana. Mimi nikirudi kazini nilikuwa nataka kimya. Yeye anauza vitambaa dukani, anarudi na visa vya wateja, ananisimulia, mimi namjibu 'mh'. Miaka nenda rudi, 'mh'. Nilipostaafu akadhani sasa tutazungumza. Nikanunua kamera." Akapiga picha, kisha akaiangalia, akaifuta. "Akaniambia kuishi na mimi ni sawa na kuishi na kabati. Akafunga sanduku. Mlangoni akasema, 'Ukinikosa, sema.' Ndiyo hivyo tu. Nami namkosa. Taulo lake bado naliweka juu ya hita kila asubuhi, lipate joto, kisha nalikunja tena. Lakini nikishika simu, ulimi unakuwa jiwe."

Maneno yalimjaa Redio kooni kama abiria mlango wa basi la mwisho. Ushauri alikuwa nao, mifano alikuwa nayo, kisa cha binamu yake kingefaa kabisa. Akauma skafu. Fundi akaendelea kusema, na siku zilizofuata akasema zaidi, mpaka Redio akamjua yule mke ambaye hajawahi kumwona, hadi namna anavyokunja kitambaa akiwa na hasira.

Ikaja asubuhi ya bamvua, siku ambazo maji hupwa sana na kujaa sana. Bahari ilikuwa imerudi mbali, ikaacha fungu la mchanga katikati, na juu yake vitwitwi wengi kuliko siku zote. Fundi akavua viatu, akavuka mkondo uliokuwa wa kina cha kifundo cha mguu, akaenda kulala kifudifudi ukingoni mwa fungu, uso baharini. Redio, kwa ajili ya goti lake, alibaki majabalini.

Alikuwa amelenga mnandi alipogundua kwamba jabali dogo la mbele limetoweka. Akatazama mkondo. Ulikuwa umepanuka, una rangi ya chuma, na unakwenda kwa kasi. Maji hayakumjia fundi kwa mbele. Yalikuwa yanamzunguka kwa nyuma, na yeye hana hili wala lile, jicho limezama kwenye lenzi.

Redio akasimama akapunga mikono. Akavua skafu nyekundu akaipeperusha. Akarusha mawe, yakatumbukia karibu. Akatazama huku na huku, ufukwe mtupu hadi kwenye kituo cha basi. Siku ya kurudi kwa daktari ilikuwa imekaribia. Alikuwa amevumilia kipupwe karibu chote. Aliweka mkono kooni, kama mtu anayeaga, akajaza kifua, na kilichotoka kilitoka kwa mazoea ya miaka:

"Tahadhari! Tahadhari! Abiria mwenye kofia ya buluu! Unaombwa kurudi haraka! Maji yako nyuma yako! Rudi sasa hivi!"

Upepo ulikuwa kinyume, lakini sauti iliyokuwa ikishinda injini za mabasi haikubabaishwa na upepo. Vitwitwi wakainuka wote kwa pamoja, weupe, kijivu, weupe, wakapinda juu ya maji. Fundi akaruka kama aliyemwagiwa maji ya moto, akageuka, akaona. Akaingia mkondoni, kamera juu ya kichwa, maji magotini, kiunoni, yakimsukuma pembeni. Redio naye akaingia na viatu vyake, akamnyooshea stendi ya kamera iliyoachwa majabalini aishike, akamvuta. Wakaanguka wote wawili juu ya mchanga mkavu, meno yakigongana.

Walipopata pumzi, fundi akamtazama kwa mdomo wazi.

"Kumbe unasema!"

Redio akaweka kidole mdomoni, akatoa simu, na kwa vidole vilivyokufa ganzi akaandika yote: kituo cha mabasi, vinundu, daktari, hata jina la Redio. Fundi akasoma. Kwanza akacheka, kicheko cha kutoka tumboni. Kisha kicheko kikakatika, masikio yakamwiva.

"Redio," alisema. "Katika watu wote wa mji huu, siri zangu nimempa Redio."

Akakusanya vitu vyake akaondoka akichuruzika maji, na siku zilizofuata hakuonekana.

Redio alikwenda kwa daktari akiwa kama mtoto aliyevunja sahani. Daktari aliingiza bomba lake jembamba, akatazama kwa muda uliomtosha Redio kuandika wasia.

"Ulisema?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Kidogo?"

Akatikisa kichwa, akatandaza mikono kadiri ilivyofika.

Daktari akaguna. "Una bahati. Pamepona. Haya, sema sasa, taratibu."

"Asante, daktari," alisema Redio, akashtuka. Ilikuwa sauti ya mtu mwingine, nzito, yenye mchanga ndani yake. Daktari alimwambia ile nyembamba haitarudi, na hii mpya itadumu kama atailea. Njiani Redio alilia kidogo kwenye basi. Kisha akaijaribu kwa kondakta, akimuuliza habari za watoto, na kondakta akamjibu kwa heshima ambayo hakuizoea.

Mkuu wa kituo alimrudisha kazini kwa zamu za mchana. Asubuhi alimwachia binti aliyeshika nafasi yake wakati wa ugonjwa. Zamani Redio angeng'ang'ania siku nzima. Safari hii alisema, "Asubuhi nina shughuli," na mkuu wa kituo akadhani amesikia vibaya.

Shughuli yenyewe ilikuwa majabalini. Alikwenda kila asubuhi, mpaka siku moja akaikuta kofia ya buluu mahali pake.

"Nilidhani mji mzima umeshajua," fundi alisema bila kugeuka.

"Nani angeniuliza?" Redio akajibu. "Na kama angeniuliza, nisingesema. Nimezoea kutangaza mizigo ya watu iliyopotea, siri za watu sijazitangaza hata siku moja."

Fundi akashangazwa na sauti ile nzito. Wakakaa. Redio akajizuia, akajizuia tena, mwishowe akashindwa.

"Sasa nisikilize, kaka yangu, maana nimekusikiliza kipupwe kizima. Yale uliyoniambia mimi hayakuwa yangu. Ya taulo, ya hita, yote. Mwenyewe yuko kwa dada yake anangoja."

"Nikikaa mbele yake yanakwama."

"Basi usikae mbele yake! Mimi uliniambia ukinitazama? Ulikuwa unatazama ndege. Mlete hapa, mketi ubavu kwa ubavu, wote macho baharini, useme."

Fundi alisema tu "mh". Redio akamkodolea macho, na fundi akainamisha kichwa, akacheka kwa aibu.

Baridi ilipoanza kulegea na ndege kuanza kupungua, alikuja na mwanamke mfupi aliyevaa koti la zambarau, aliyekuwa akilalamika kutoka mbali. Mchanga umeingia viatuni, upepo huu utamng'oa masikio, na ni mtu gani mwenye akili anayemleta mwenzake mahali kama hapa bila hata kiti.

"Wewe ndiye Redio?" alimuuliza alipofika. "Mume wangu amenipigia simu. Simu! Nikadhani amekufa mtu. Anasema nije nione ndege, na kwamba kuna mama mmoja alimtoa majini kwa makelele. Asante, dada. Mimi nimepiga makelele miaka yote hakusikia."

"Labda hukumwita abiria," alisema Redio, na mwanamke yule akacheka kwa sauti hadi shakwe wawili wakaondoka.

Fundi akatandika koti lake juu ya jabali, mkewe akaketi. Redio akajitenga hatua kadhaa, akajishughulisha na kamera. Hakusikia yote, na kwa mara ya kwanza maishani hakujitahidi kusikia. Alimwona tu fundi akinyoosha kidole kuelekea majini, akisema, akinyamaza, akisema tena, macho yake mbele. Wakati fulani mwanamke aliacha kulalamika. Alichukua ncha ya skafu yake akajifuta macho, kisha akamuuliza mumewe kitu, naye akamjibu kwa maneno mengi, mikono ikichora hewani mdomo uliopinda.

Redio alipiga picha za vitwitwi waliobaki mpaka saa ya zamu yake ilipokaribia. Akawapungia mkono, hawakumwona. Akaenda kituoni, akaketi kwenye benchi kungoja basi, akampigia mkwewe simu akaanza kumsimulia tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Basi likaja, akapanda akiendelea. Kule dukani mkwewe alikuwa ameiweka simu mezani, sauti ile nzito ikijaa chumba, mteja ameduwaa na fremu puani, naye akifuta vioo na kuitikia, "Eeh, Mama. Eeh. Ikawaje?"